Harry Wendelstedt, mwamuzi wa besiboli aliyefundisha waamuzi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Anayeanza kufuatilia besiboli humwona mrushaji na mpigaji. Mwamuzi humwona pale anapokosea tu. Majibu haya yanamhusu mtu aliyechezesha ligi ya juu kabisa ya Marekani kwa misimu 33, na katika miaka hiyohiyo akawa anawafundisha wengine kazi yake. Mimi namheshimu kwa shule yake kuliko kwa fainali zake, na sababu zangu ziko humu ndani.

Harry Wendelstedt alikuwa nani?

Alizaliwa Baltimore tarehe 27 Julai 1938, akafariki Daytona Beach, Florida, tarehe 9 Machi 2012, akiwa na miaka 73. Alikuwa mwamuzi wa Ligi ya Taifa, mojawapo ya ligi mbili zinazounda Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani, tangu 1966 hadi 1998. Enzi hizo kila ligi ilikuwa na waamuzi wake. Waliunganishwa kuwa kundi moja mwaka 2000, yeye akiwa ameshastaafu.

Alipangwa kwenye World Series, fainali ya Ligi Kuu, mara tano: 1973, 1980, 1986, 1991 na 1995. Pia alisimama nyuma ya mdakaji, yule anayepokea mipira ya mrushaji, katika mechi tano ambazo mrushaji hakuruhusu hata pigo moja halali, akafikia rekodi ya Bill Klem katika Ligi ya Taifa. Klem kwa waamuzi ni jina la kutajwa kwa adabu, kwa hiyo kuwekwa naye mstari mmoja si jambo dogo.

Aliingiaje kwenye kazi hii?

Kupitia shule. Mwaka 1962 alijiunga na shule ya waamuzi ya Al Somers huko Florida, akatoka hapo akapelekwa ligi ndogo, zile za ngazi za chini ya Ligi Kuu. Baada ya misimu minne tu akaitwa Ligi Kuu. Hiyo ni kasi ya kushangaza, maana wengi husota huko chini miaka saba hadi kumi, na walio wengi zaidi hawafiki juu kabisa.

Kwani mwamuzi wa besiboli anaamua nini?

Kwa aliyezoea soka, tofauti kubwa ni hii: refa wa soka anaweza kuacha mchezo uende dakika nzima bila kupuliza filimbi. Mwamuzi wa besiboli anayesimama nyuma ya mdakaji hana nafasi hiyo. Kila mpira ambao mpigaji hakuupiga lazima autolee hukumu, straiki (umepita ndani ya eneo halali la kupigwa) au boli (umepita nje yake), na mechi moja huwa na mirusho kati ya mia mbili na mia tatu. Mrushaji yuko umbali wa mita 18.44. Mpira wenye kasi ya kilomita 150 kwa saa hufika chini ya nusu sekunde, na beisi ya nyumbani, ambayo mpira unatakiwa upite juu yake, ina upana wa sentimita 43. Wenzake walioko kwenye beisi huamua kama mkimbiaji amefika salama au yuko auti, yaani ametolewa. Msimu wa kawaida waamuzi ni wanne uwanjani. Kwenye World Series huwa sita.

Uamuzi wake unaokumbukwa zaidi ni upi?

Ule wa tarehe 31 Mei 1968, Dodger Stadium, Los Angeles.

Don Drysdale, mrushaji wa Dodgers, alikuwa amemaliza mechi nne mfululizo bila kuruhusu pointi. Usiku ule alikuwa akiitafuta ya tano dhidi ya San Francisco Giants. Iningi ya tisa, awamu ya mwisho ya mechi, Dodgers wakiongoza 3-0, mambo yakamharibikia: beisi zote tatu zikajaa wakimbiaji, na hakuna hata mmoja aliyekuwa auti. Akaja kupiga Dick Dietz, mdakaji wa Giants. Hesabu ikafika boli mbili, straiki mbili. Drysdale akarusha, mpira ukampata Dietz mkononi.

Kwa kawaida hapo hakuna mjadala. Mpigaji aliyegongwa na mpira hupewa beisi ya kwanza, na beisi zikiwa zimejaa, kila mkimbiaji husogea na mmoja huingia nyumbani, nayo ni pointi. Dietz akaanza kwenda zake. Mfululizo wa Drysdale ulikuwa umekufa.

Wendelstedt, wakati huo ana miaka 29 na yuko kwenye msimu wake wa tatu tu, akamrudisha. Alisema Dietz hakufanya juhudi yoyote ya kuukwepa mpira. Kwa hiyo ni boli, wakimbiaji warudi walipokuwa, hesabu ni boli tatu na straiki mbili. Kocha wa Giants, Herman Franks, akatoka kuja kubishana, na ubishi ule haukuwa mfupi. Wendelstedt hakubadili neno.

Mchezo ulipoendelea, Dietz alipiga mpira wa juu uliodakwa karibu mno kwenye uwanja wa kushoto, mkimbiaji wa beisi ya tatu akashindwa kuthubutu. Mpira uliofuata ulipigwa chini, ukarushwa nyumbani, auti. Wa mwisho ukapaa juu ukadakwa. Mechi ikaisha 3-0. Drysdale akaongeza mechi ya sita, na mfululizo wake ukafika iningi 58 bila pointi kabla ya kukatika mwezi Juni. Rekodi hiyo ilidumu miaka ishirini, hadi Orel Hershiser, naye wa Dodgers, alipofikisha 59 mwaka 1988.

Sasa, alikuwa sahihi au aliwabeba wenyeji?

Alikuwa sahihi. Sheria ilikuwepo kabla ya usiku ule na ipo hadi leo: mpigaji akigongwa na mpira ulio nje ya eneo la straiki bila kujaribu kuukwepa, hapewi beisi. Mpira unahesabiwa boli, na hakuna mkimbiaji anayesogea.

Malalamiko ya Giants hayakuwa ya kipuuzi, lakini. Kilichowauma si kwamba sheria haipo, bali kwamba waamuzi karibu wote hawaitumii. Drysdale mwenyewe alikuwa maarufu kwa kuwagonga wapigaji. Hadi anastaafu alikuwa amewagonga 154. Kisha hukumu ile ikatoka mbele ya mashabiki wa Dodgers, kwa faida ya Dodgers, na rekodi ikiwa mezani. Mwamuzi mwoga angeacha mkondo uende. Ninachokiheshimu ni kwamba kijana yule aliiona sheria, akaiona mikono ya Dietz, akatamka. Hakuna marudio ya video yaliyokuwepo ya kumkinga wala ya kumsahihisha.

Yapo mengine ya kufanana na hayo. Septemba 1988, Hershiser naye alikuwa anapoteza mfululizo wake mbele ya Giants haohao, San Francisco, mwamuzi Paul Runge akaamua kwamba mkimbiaji Brett Butler alitoka njia yake kumzuia mchezaji wa Dodgers kurusha. Pointi ikafutwa. Rekodi mbili za warushaji, na zote mbili zimepita mkononi mwa mwamuzi aliyekumbuka sheria ambayo wengine huipita.

Alianza kufundisha baada ya kustaafu?

Hapana, na hapa ndipo wengi hukosea. Msimu wa besiboli huanza Machi au Aprili na kuisha Oktoba. Shule za waamuzi hufanyika Januari na Februari. Kwa hiyo Wendelstedt alichezesha kiangazi na akafundisha majira ya baridi, mwaka baada ya mwaka. Alirudi kwenye shule ileile iliyomtoa, akawa mkufunzi chini ya Somers, na mwaka 1977 akaichukua iwe yake. Ikaanza kuitwa kwa jina lake. Alikuwa amebakiza zaidi ya miaka ishirini ya kuchezesha.

Kwa mwanafunzi hilo lilikuwa na uzito wake. Anayekuonyesha namna ya kusimama nyuma ya mdakaji leo, utamwona kwenye televisheni mwezi wa nne amesimama vilevile. Akikuambia jambo halifanyi kazi, amelijaribu Oktoba iliyopita mbele ya watu elfu hamsini.

Shule yenyewe ilianzia wapi?

Shule ya kwanza ya waamuzi wa kulipwa ilifunguliwa na George Barr, mwamuzi wa Ligi ya Taifa, mwaka 1935 huko Hot Springs, Arkansas. Kabla yake kazi hii ilijifunzwa kwa kutupwa uwanjani na kutukanwa. Miaka michache baadaye Bill McGowan, mwamuzi wa Ligi ya Marekani (ile ligi ya pili kati ya mbili za Ligi Kuu), akafungua yake. McGowan alifariki mwaka 1954, na shule yake ikaja kuwa ya Al Somers, kisha ya Wendelstedt, ikakita mizizi Daytona Beach na mji jirani wa Ormond Beach. Baada ya Harry ikawa ya mwanawe, Hunter. Ukisoma orodha hiyo kwa utulivu utaona kwamba kinachofundishwa kimetoka mkono hadi mkono tangu zama ambazo Ligi Kuu haikuwa na mchezaji hata mmoja mweusi.

Shuleni hapo wanafundishwa nini? Si kusoma kitabu cha sheria tu?

Sheria ni asubuhi, darasani. Mchana kutwa ni miguu na macho.

Tuanze na beisi ya kwanza, kwa sababu ndipo mwanafunzi hugundua kwamba hajui kutazama. Mpira umepigwa chini, mchezaji wa ulinzi ameuokota na kuurusha beisi ya kwanza, mkimbiaji anakuja mbio. Kipi kimewahi, mguu au mpira? Macho hayawezi kuwa sehemu mbili. Basi mwamuzi hukaza macho kwenye beisi, auone mguu unapoigusa, na mpira anausikiliza. Sauti ya ngozi ya glovu ikitangulia mguu, auti. Anayeufuata mpira kwa macho hadi kwenye glovu hukosea, na mkufunzi atamrudisha nyuma ya foleni arudie mpaka masikio yake yaanze kazi.

La pili ni kwamba pembe ni bora kuliko ukaribu. Mgeni hudhani mwamuzi mzuri ni yule aliyekimbia akafika karibu kabisa na tukio. Lakini ukiwa hatua mbili nyuma ya mgongo wa mchezaji, huoni kitu. Ukiwa hatua sita pembeni, mahali ambapo nafasi kati ya glovu na mguu iko wazi, unaona kila kitu.

La tatu ni kutokuwa na haraka. Mpira umeingia kwenye glovu, lakini je, umetulia? Umedondoka? Mwanafunzi hufundishwa kunyamaza kidogo, akaliacha tukio liishe, ndipo anyanyue ngumi. Mwamuzi aliyetangaza auti huku mpira unabiringika chini hana pa kujificha.

Nyuma ya mdakaji kuna kazi nyingine kabisa. Hasimami katikati, anasimama kwenye upenyo ulio kati ya mdakaji na mpigaji, kidevu juu kidogo ya kichwa cha mdakaji, kichwa kimetulia tuli. Macho peke yake ndiyo yanayousindikiza mpira hadi ndani ya glovu. Kichwa kikicheza, eneo la straiki linacheza nacho, na warushaji wanalijua hilo kabla yako.

Halafu kuna mazoezi ya kupanga mistari. Wanafunzi wote uwanjani, safu kwa safu, amri moja: inama, mikono magotini, simama, auti! Ngumi zote juu, sauti zote pamoja. Kwa mtazamaji hufanana na kwata ya jeshini. Lengo ni kwamba mkono na sauti vikubaliane, maana mchezaji aliye mita thelathini hatasikia maelezo yako, ataona mkono tu.

Vilevile shule hufundisha mfumo wa waamuzi wawili, kwa sababu ngazi za chini za ligi ndogo ndivyo zinavyochezeshwa. Wawili wanagawana beisi nne. Kila mpira ukipigwa, kila mmoja anajua anakimbilia wapi na anamwachia mwenzake nini, na wanasemeshana wakiwa mbioni. Aliyelimudu hilo haoni shida siku atakapopewa wenzake watatu.

Mbona inasemekana wakufunzi huwafokea wanafunzi?

Huwafokea makusudi, kama sehemu ya somo. Mkufunzi hujifanya kocha aliyekasirika, anatoka mbio hadi usoni pa mwanafunzi, anadai uamuzi ni wa kipumbavu. Mwanafunzi anatakiwa amsikilize, ajibu kwa maneno machache, asinyooshe kidole, asirudi kinyumenyume, na ajue ni wapi mazungumzo yanaisha na kufukuza kunaanza. Kocha anayebisha kuhusu tukio ana haki ya kusema. Anayekushambulia wewe binafsi, anaondoka. Mstari huo hauchoreki darasani. Waliochezesha miaka mingi kama Wendelstedt walikuwa wamekaripiwa na makocha wa kweli, kwa hiyo walijua kuigiza hasira ile vizuri.

Ukihitimu unapata kazi?

Hakuna ahadi hiyo. Kwa miaka mingi njia ilikuwa moja: kati ya wanafunzi wote, wachache waliofanya vizuri zaidi walichaguliwa kwenda kupimwa tena, na waliofaulu huko ndio waliopewa nafasi ya kuanzia ngazi ya chini kabisa ya ligi ndogo. Ligi Kuu ina waamuzi wa kudumu 76 tu. Nafasi hufunguka mtu anapostaafu au kuumia, na kuna miaka isiyofunguka hata moja. Mwaka 2012 ligi ndogo zilianzisha chuo chao Vero Beach, na siku hizi Ligi Kuu yenyewe ina kambi za kusaka waamuzi, kwa hiyo shule binafsi si mlango pekee tena.

Wengi waliopita kwa Wendelstedt hawakuwa na nia ya kufika Ligi Kuu. Walirudi kuchezesha shule za sekondari, vyuo na ligi za mitaani. Kwa maoni yangu hao ndio waliobeba kazi yake mbali zaidi.

Malipo yakoje?

Ligi Kuu, mazuri sana. Ligi ndogo, madogo, tena ya miezi ya msimu tu, na safari ndefu za barabarani usiku. Wengi hutafuta kibarua kingine msimu ukiisha.

Ni kweli alichezesha pamoja na mwanawe?

Kweli. Mwaka 1998, msimu wa mwisho wa Harry, Hunter alipangwa naye, wakawa baba na mwana wa kwanza kuchezesha pamoja mechi ya Ligi Kuu. Hunter huvaa namba 21, ile ya baba yake. Koo za waamuzi si jambo geni huko: akina Runge wametoa watatu, Ed, Paul na Brian, babu, baba na mjukuu. Shag Crawford na mwanawe Jerry walifika wote, ila mmoja alitoka kabla mwingine hajaingia.

Ni yeye peke yake aliyeunganisha kazi hizi mbili?

Hapana. Tazama waamuzi sita wa World Series ya 1986, Mets na Red Sox. Wendelstedt alikuwemo. Joe Brinkman, naye mwenye shule ya waamuzi, alikuwemo. Jim Evans alikuwemo, na miaka michache baadaye akafungua chuo chake. Nusu ya waamuzi wa fainali moja walikuwa walimu au walimu watarajiwa. Sidhani kama ni bahati. Kumweleza mtu kwa nini unasimama hapa na si pale kunakulazimisha ujue sababu, na anayejua sababu hupangwa fainali.

Wanawake wamo?

Pam Postema alisoma shule ya Al Somers mwaka 1977, akapanda hadi ngazi ya Triple-A, hatua moja chini ya Ligi Kuu, akaishia hapo mwaka 1989. Alistahili zaidi. Mwanamke wa kwanza kuchezesha mechi ya msimu wa Ligi Kuu ni Jen Pawol, tarehe 9 Agosti 2025, Atlanta, Braves dhidi ya Marlins. Kesho yake alisimama nyuma ya mdakaji. Kati ya Postema kuondoka na Pawol kuingia ilipita miaka 36, na huo ni muda mrefu mno.

Video na mashine hazitawaondoa waamuzi?

Marudio ya video yalipanuliwa mwaka 2014, kwa namna inayofanana na VAR. Kwa straiki na boli, Ligi Kuu iliidhinisha mwaka 2025 kwamba kuanzia msimu wa 2026 kila timu iwe na nafasi mbili za kupinga uamuzi, mitambo ndiyo ijibu. Ukishinda pingamizi, nafasi yako haipotei. Mirusho mingine yote bado ni ya binadamu. Na hakuna kamera inayoweza kumtuliza kocha, kupanga wenzake watatu uwanjani, au kuona kwamba Dietz hakusogeza mkono.

Afrika Mashariki kuna besiboli ya kuchezesha?

Ipo. Uganda imetangulia: timu ya Lugazi ilikuwa ya kwanza kutoka Afrika kucheza mashindano ya dunia ya watoto ya Little League, Pennsylvania, mwaka 2012, na ikaifunga timu ya Gresham, Oregon, 3-2. Tanzania mchezo umekua kwa msaada wa Wajapani, na mashindano yake ya taifa yameazima jina la Koshien, mashindano maarufu ya shule za sekondari ya Japani. Kenya nayo inacheza.

Ukitaka kuanza, huhitaji kwenda Florida. Pata kitabu cha sheria, kinapatikana bure mtandaoni. Nenda mazoezini kwenye timu iliyo karibu, omba usimame karibu na beisi ya kwanza wakati wa mazoezi ya ulinzi. Kaza macho kwenye beisi, sikiliza glovu, nyamaza kidogo, kisha sema. Fanya hivyo kwa mipira mingi uwezavyo kabla hujakubali kusimama nyuma ya mdakaji, na usisimame hapo bila barakoa ya chuma, kinga ya kifua na kinga za miguu.